Gari la Fundi wa Mabondeni: Ninavyovibeba na Ninavyoviacha

Fundi anayefanya kazi gerejini hungojea mashine iletwe kwake, na akipungukiwa na kitu humtuma kijana dukani. Sisi tunaozifuata mashine pale zilipoharibikia hatuna nafasi hiyo. Trekta likizima katikati ya bonde la mpunga upande wa Micheweni, hapa Pemba, duka lililo karibu huwa na vifaa vya pikipiki na vya daladala, na kifaa cha trekta, kama hakikupatikana Chake Chake wala Wete, hakina budi kutoka Unguja au Dar es Salaam na kushushwa bandari ya Mkoani siku ambayo chombo kitafika. Upepo wa kusi ukichafua bahari, siku hiyo husogea. Kwa hiyo suala la kipi kipakiwe garini na kipi kibaki nyumbani si la kupanga mizigo tu. Ndilo linaloamua kama mkulima atalima leo au wiki ijayo, na masika yakishakaribia, wiki moja ni muda mrefu sana.

Mafundi vijana hapa Pemba wamekuwa wakiniuliza namna ninavyoipanga pikapu yangu, na wengi wao huanza kwa kuuliza ninabeba spea gani. Rai yangu ni kwamba gari la fundi lisigeuzwe duka la spea. Kisiwa hiki kina Massey Ferguson za zamani, matrekta mapya ya Kihindi, pawatila (vitrekta vya magurudumu mawili vinavyoongozwa kwa mkono) za Kijapani na za Kichina, vijiko vya kuchimbia vya kila namna, pampu za maji na majenereta. Ukitaka kubeba pampu ya maji na alteneta ya kila mashine utajaza lori, na bado utakuta ile inayohitajika siku hiyo hukuichukua. Lakini mashine zote hizo, ziwe zimetoka wapi, zimefungwa kwa bolti, zimezibwa kwa sili, zinazunguka juu ya beringi, zinavutwa na mikanda na zinapitisha mafuta katika hosi, na vitu hivyo vina vipimo vinavyofuatwa na viwanda vingi. Mimi hubeba vya kuunganishia, kuzibia, kukazia na kusafishia kwa wingi, na kifaa kizima nikakibeba pale tu nilipo na sababu.

Tuanze na bolti. Nyingi katika mashine za siku hizi ni za milimita, na ukiwa na M8 (yaani ya unene wa milimita 8), M10, M12, M14 na M16 za urefu wa aina mbili tatu, pamoja na nati na washa zake, utakuwa umekidhi sehemu kubwa ya haja. Cha kuangalia zaidi ni namba iliyopigwa kichwani. Namba 8.8 ni bolti ya kazi za kawaida, 10.9 ni ya sehemu zinazobeba nguvu kubwa, na bolti isiyo na namba yoyote ifungie bati la kibanda, usiifunge kwenye trekta. Massey Ferguson za zamani zina bolti nyingi za inchi, na bolti ya inchi huweza kuingia mizunguko kadhaa katika uzi (meno ya ndani ya nati) wa milimita ikakufanya udhani inakaza, kumbe inaula uzi; ndiyo maana za inchi nimezitenga katika kasha la rangi nyengine kabisa. Ipo pia bolti ya usalama ya rotaveta (jembe la visu vinavyozunguka) na ya shafti ya PTO (inayopeleka nguvu ya injini kwenye jembe), ambayo imewekwa makusudi ikatike pale visu vinapogonga kisiki. Dereva aliyechoka kuibadilisha hutia ya 10.9 mahali pake, na kisiki kinachofuata huvunja giaboksi. Bolti hizo hubeba nyingi, na za daraja lilelile lililoandikwa na kiwanda, kwa sababu dereva akizikosa kwangu atazitafutia mbadala.

Beringi zina uzuri wake, kwani zimeandikwa ukubwa wao ubavuni. Kwa beringi za kawaida, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha mara 5 unapata kipenyo cha tundu kwa milimita: 6204 huingia katika shafti ya milimita 20, 6205 katika ya 25 na 6206 katika ya 30. Hizo tatu, zenye alama ya 2RS kumaanisha kwamba zimezibwa kwa mpira pande zote mbili, hutosha kwa pampu, majenereta na puli nyingi za mashine ndogo. Sili za mafuta nazo zinajieleza: iliyoandikwa 35×52×7 inakaa juu ya shafti ya milimita 35, ndani ya nyumba yake, yaani tundu linaloishika, ya milimita 52, na ina unene wa 7. Mikanda ya V ninayoihitaji mara nyingi ni ya aina ya B, yenye upana wa milimita 17 juu, na urefu wake huandikwa kwa inchi. Namba ikiwa imefutika hupima mzunguko wa ndani kwa uzi wa katani badala ya kukisia kwa macho. Ringi za mpira hubeba sanduku zima la ukubwa mbalimbali, ila nawasihi vijana wasichanganye mpira wa mafuta na mpira wa breki. Mpira uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki huvimba na kuharibika ukikutana na oili ya kawaida, na ule wa oili hauvumilii mafuta ya breki, na kwa sura zote mbili ni ringi nyeusi zisizotofautiana.

Hosi za haidroliki, yaani mipira inayopitisha mafuta ya shinikizo yanayonyanyua jembe na ndoo, zinastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndizo zinazosimamisha kazi ghafla na ndizo zisizokubali ujanja wa kienyeji. Haidroliki ya trekta la kawaida hufanya kazi kwa shinikizo la kama bar 170 hadi 200, na ya kijiko cha kuchimbia huweza kufika bar 350. Mpira wa tairi uliozungushwa juu ya mpasuko na kufungwa kwa waya, ambao hutosha kwa bomba la maji, hapo hauna maana yoyote. Hosi yenye tabaka moja la nyaya za chuma ndani yake huitwa R1, na yenye tabaka mbili huitwa R2; mimi hubeba R2 peke yake, kwa sababu ya tabaka mbili hukaa mahali pa ile ya tabaka moja lakini kinyume chake hakiwezekani.

Hosi hizo huzichukua zikiwa tayari zimebanwa ncha zote mbili, katika urefu wa aina chache, na hapo hufuata kanuni kwamba iliyo ndefu huweza kuzungushwa na kufungwa vizuri ikakaa mahali pa fupi, ilhali fupi haivutiki. Kinachoziwezesha kufaa mashine mbalimbali ni boksi la viunganishi. Kuna ncha za JIC, za kipimo cha Kimarekani, zenye koni ya digrii 37, kuna za BSP, za kipimo cha Kiingereza, na kuna za milimita. Zikiwa na matope huwezi kuzitofautisha kwa macho, na ukiilazimisha moja katika nyengine itakaza kidogo, itavuja, kisha itaharibu uzi wa pampu ambayo bei yake ni balaa. Kwa hiyo ndani ya boksi lile huwamo kalipa ya kupimia unene na kipimo cha meno ya uzi, na havitoki humo kwa kazi nyengine. Humo humo huweka vizibo vya kila ukubwa, kwa sababu mara nyingine silinda moja ikizibwa njia zake, mashine huweza kujitoa bondeni kwa nguvu ya zilizobaki na ikatengenezwa mahali pakavu.

Jambo la usalama katika hosi hizi nalitaja kwa mkazo. Tundu jembamba lililopasuka katika hosi yenye shinikizo hutoa mafuta kwa kasi ya kutosha kupenya ngozi, na kidonda chake huonekana kama kimechomwa sindano tu, hakitoi damu ya kutisha wala hakiumi sana mwanzoni. Mtu aliyepatwa na hilo apelekwe hospitali saa hiyohiyo na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta yaliyoingia kwa shinikizo, kwa kuwa yakiachwa yanaua nyama kwa ndani na mtu huweza kupoteza kidole au mkono. Ninabeba kipande cha kadibodi cha kutafutia mvujo. Mkono hautumiki hata ukiwa na glavu. Na kabla ya kulegeza nati yoyote, jembe hushushwa chini, injini huzimwa, na wenzo za haidroliki husukumwa huku na huku mpaka shinikizo liishe.

Kinachofuata kwa kuniita bondeni ni mafuta machafu. Dizeli huhifadhiwa katika mapipa na madumu, maji huingia kwa mvuke na kwa vifuniko visivyoziba, na mchanga huingia kwa mpira wa kunyonyea uliolazwa chini. Hapa ndipo ninapovunja kanuni yangu na kubeba vifaa vizima: filta za dizeli, mbili mbili kwa kila mashine ninayoihudumia, maana filta ya kwanza huziba kwa uchafu uliobaki katika njia na ya pili ndiyo inayokaa. Filta za oili na za hewa hubaki nyumbani mpaka siku ya huduma iliyopangwa. Pamoja na filta huwamo washa za shaba za bolti za mafuta na za noseli zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini, pampu ndogo ya mkono, mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, na chupa safi ya kuchukulia sampuli. Dizeli ikiachwa itulie katika chupa, maji hukaa chini na mpaka wake huonekana wazi, na mwenye mashine akishaona kwa macho yake hapana tena mabishano kuhusu nani aliyeiharibu noseli.

Kifaa ninachokithamini kuliko vyote katika upande huu ni dumu dogo la dizeli safi lenye mpira wake wa kuingilia na wa kurudia. Nikifika, huikata injini kutoka katika tangi lake na kuiunganisha na dumu langu. Ikiwaka na kutulia, basi kasoro iko katika tangi, mabomba au filta, nami najua nianzie wapi. Ikiendelea kusumbua, kasoro iko pampu au noseli, na hizo hazifunguliwi kwenye matope, hung'olewa zikaenda mezani. Jambo hilo dogo huokoa nusu siku ya kubahatisha.

Kwa kweli kubahatisha hupungua tangu kwenye simu, na mafundi wengi hawaipi simu haki yake. Dereva huanza kwa neno moja.

"Fundi, trekta limegoma."

"Limegoma vipi, mwanangu? Limezima lenyewe au umelizima wewe likakataa kuwaka?"

"Limezima lenyewe, maalim. Lilianza kukohoa, likapoteza nguvu, halafu kimya."

"Ukizungusha swichi, stata inavuta?"

"Inavuta vizuri, lakini haliwaki."

Kwa maneno hayo machache najua kwamba betri ni nzima na kwamba niangalie mafuta kwanza, kwa hiyo dumu la kupimia na filta ndivyo vitakavyokaa juu. Kama angesema limezima ghafla bila kukohoa, ningefikiria waya wa solenoidi ya kuzimia, ile sumaku ya umeme inayokata mafuta. Kama angesema stata inatoa mlio wa kugonga tu, ningeweka juu mita na nyaya za kuvushia umeme. Kisha humwomba anipigie picha kibao cha namba cha mashine na picha ya pale panapovuja au palipovunjika, pembeni yake ikiwa imewekwa sarafu au kiberiti ili nipate kadiri ya ukubwa. Picha zikifika kabla sijatoka Chake, huwa na nafasi ya kupita dukani.

Upande wa umeme hauhitaji mengi: mita, taa ya kupimia, nyaya za unene wa aina mbili, fyuzi, rilei za volti 12, vichwa vya betri na karatasi ya msasa. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi, ikisoma chini ya 12 imekwisha, na injini ikiwaka ichajiwe kwa volti kati ya 13.8 na 14.4. Hata hivyo katika hewa yetu ya chumvi betri husingiziwa mara nyingi, kumbe kosa ni waya wa ardhi uliooza chini ya bolti. Hupima volti kati ya nguzo hasi ya betri na bodi ya injini wakati stata inavuta. Zikipita nusu volti, husafisha waya ule kabla sijasema neno kuhusu betri mpya. Angalizo moja kwa wenye pikapu kama yangu: vijiko na malori mengi ni ya volti 24, na hayawashwi kwa kuazima umeme wa gari la volti 12.

Umeme wa Tanga umefika kisiwani kwa waya uliopita chini ya bahari tangu 2010, lakini haukushuka mabondeni, kwa hiyo kuchomelea hujitegemea mwenyewe. Ninatumia mashine ndogo ya inveta yenye uzito wa kilo chache na jenereta la kVA 5. Jenereta hilo halipati tabu kwa elektrodi (kijiti cha kuchomelea) ya milimita 2.5, kwa ya 3.2 hulazimika kupunguza umeme na kwenda taratibu. Elektrodi za 6013 hufanya kazi nyingi za shamba, na za 7018 huzitoa pale panapobeba mzigo mzito, kama vile mikono ya kunyanyulia jembe, lakini za 7018 zikishaingia unyevu hazifai, nami huzihifadhi katika bomba la plastiki lenye kifuniko kinachobana. Kabla ya kuwasha cheche, nyaya za betri za mashine hutolewa, klipu ya ardhi hufungwa karibu kabisa na pale panapochomelewa ili umeme usipite kwenye beringi, na mabua makavu huondolewa huku mtungi wa kuzimia moto na ndoo ya maji vikiwa mkononi mwa msaidizi, si ndani ya gari.

Oili nazipita haraka. Hubeba lita 20 za oili ya haidroliki na giaboksi ya trekta, galoni ya 15W-40 ya injini, 80W-90 kidogo, kopo la mafuta ya breki lisilofunguliwa, na grisi ya lithiamu pamoja na bomba lake. Kila aina ina faneli yake iliyofungwa katika mfuko wa nailoni, kwa sababu faneli iliyobeba vumbi huua pampu ya haidroliki polepole na hakuna atakayejua nani wa kulaumiwa.

Baada ya hayo huja hesabu ya uzito, ambayo huwa ngeni kwa wengi. Pikapu ya tani moja hubeba tani moja pamoja na watu waliokaa ndani yake, na tani hiyo huisha upesi. Dumu la dizeli la lita 20 ni kama kilo 17, jenereta ni kama kilo 80, masanduku ya spana na soketi hayapungui kilo 60 yakiwa yamejaa, na pipa zima la oili la lita 200 hukaribia kilo 175 bila ya bati lake. Ndiyo maana pipa hukaa nyumbani, na oili hutoka nayo kwa dumu. Vizito hukaa chini, mbele ya ekseli ya nyuma, karibu na kichwa cha gari. Ukiviweka mkiani, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hupoteza mshiko, jambo ambalo mwenye kuijua miteremko ya barabara zetu, ule udongo mwekundu ukishalowana, hana haja ya kuelezwa zaidi.

Lakini gari hilo, hata likipangwa vizuri vipi, kwa kawaida huishia juu. Mabonde ya mpunga ya Pemba yamelala kati ya vilima, na njia ya gari hukoma kwenye minazi au mikarafuu. Kutoka hapo ni kuteremka kwa miguu, kupita juu ya kingo za majaruba zilizo nyembamba kama ukuta wa skuli. Kila ulichokisahau juu kitakupandisha tena kilima. Kwa sababu hiyo nimeligawa gari sehemu mbili: ghala linalobaki barabarani, na mkoba wa bondeni ambao mtu mmoja anaweza kuubeba begani bila kuyumba. Ndani ya mkoba huwamo spana za namba 10 hadi 24, kwa kuwa M8 hufunguliwa kwa 13, M12 kwa 18 au 19 na M16 kwa 24, soketi hizohizo na racheti yake, bisibisi, plaizi, plaizi ya kujifunga, nyundo ya kilo moja, tindo, msumeno wa chuma, mita, waya laini na utepe, na kopo la pini. Pini za kuunganishia majembe zina ukubwa wa aina mbili zinazokutana sana huku kwetu. Mikono ya chini ya trekta dogo hutumia pini ya milimita 22 na ya trekta kubwa zaidi hutumia ya 28, na mkono wa juu hutumia 19 au 25. Pini hizo na klipu zake huanguka matopeni kila siku, na hapana aliyewahi kuziona tena.

Msaidizi hubeba jeki ya chupa na mbao mbili za mti mgumu, nene na pana. Jeki bila mbao katika bonde huzama yenyewe na kuliacha trekta pale lilipo. Trekta likishanyanyuka hupachikwa magogo chini ya ekseli, na magurudumu mengine huzuiwa kwa kabari. Chini ya mashine iliyoshikwa na jeki tupu, au chini ya jembe lililoning'inizwa na haidroliki peke yake, mimi siingii na simruhusu mtu kuingia, hata mwenye shamba akihesabu saa zake kwa sauti. Turubai dogo jepesi hutandikwa chini kabla ya kufungua chochote. Kipande cha chemchemi kikirukia turubai utakiokota, kikirukia maji ya jaruba umekipa kambare.

Chumvi ndiyo adui wa ghala lililobaki juu. Mkoani, Wesha au Konde, huwezi kukaa mbali na bahari katika kisiwa hiki, na soketi iliyolala wazi hupata kutu kabla haijatumika. Masanduku ya plastiki yenye vifuniko vinavyobana yamekuwa bora kwangu kuliko ya bati. Spana hufutwa kwa kitambaa chenye oili kila jioni. Beringi haitolewi katika karatasi yake mpaka shafti imeshasafishwa na iko tayari kuipokea. Bolti za chuma zinazoingia katika aluminiamu, kama zile za nyumba ya pampu ya maji, hupakwa mafuta ya kuzuia kugandana, vinginevyo atakayezifungua baadaye atazikata vichwa. Joto nalo lina madhara yake, kwa kuwa ndani ya kibanda cha bati juu ya pikapu wakati wa kaskazi mikanda na ringi za mpira hukauka zikiwa mpya. Hizo nimezihamishia ndani ya gari, nyuma ya kiti cha dereva, pasipofikiwa na jua.

Mzigo wenyewe hubadilika na msimu. Kabla ya masika ni wakati wa kulima, na gari huelemea upande wa bolti za usalama, visu vya rotaveta, pini, na hosi za trekta. Mpunga ukishaiva, mashine za kuvunia na za kupura hudai mikanda, beringi za puli, na minyororo. Hapo huchukua mnyororo wa namba 40, wenye hatua (umbali wa pini hadi pini) ya milimita 12.7, na wa namba 50, wenye hatua ya 15.875, pamoja na viungo vyao vya kuungia na chombo cha kutolea pini, badala ya minyororo mizima ya urefu maalumu. Msimu wa kiangazi, barabara zinapochongwa na mawe kuchimbwa, vijiko hudai hosi kubwa na pini za meno ya ndoo. Daftari langu lina ukurasa kwa kila mashine: namba ya filta, ukubwa wa mikanda, aina ya ncha za hosi, na kilichobadilishwa. Kitu kilichokaa garini mwaka mzima bila kuandikwa humo hata mara moja hushushwa, kiwe kilinunuliwa kwa bei gani.

Miongoni mwa nilivyoviacha moja kwa moja ni mitungi ya oksijeni na asetilini. Mitungi ya asetilini yapaswa kusafirishwa imesimama, imefungwa imara na mahali penye hewa, na kibanda changu kilichofungwa pande zote si mahali pake. Kukata hukatia grenda, na nati iliyoganda huipa mafuta ya kupenyeza na muda wa kutosha, kisha tindo. Nimeacha pia kubeba alteneta na stata za akiba. Brashi za kaboni na solenoidi ndizo zinazokufa mara nyingi, nazo hukaa katika kiganja.

Malipo ya vitu vidogo huleta mvutano usio wa lazima kama hayakusemwa mapema. Mteja huona bei ya filta, haoni bei ya bolti, ringi, waya na kitambaa kilichotumika, ambavyo vikijumlishwa msimu mzima ndivyo vinavyomfilisi fundi. Mimi humweleza mwenye mashine kabla sijafungua chochote kwamba kuna kiasi cha vitu vidogo kitakachoandikwa katika hesabu, na kila kilichotolewa hurudishwa kwake mkononi, hata kama ni sili iliyopasuka, ili ajue alicholipia.

Isipokuwa kile ambacho lazima kisafiri kama kielelezo. Kifaa kikiagizwa ng'ambo ya maji, cha zamani hukiosha, hukifunga kitambulisho cha plastiki chenye aina ya mashine, namba ya modeli na vipimo vyake kwa kalipa, kisha hukipiga picha pande mbili na kumtumia muuzaji kabla hakijapakiwa, kwa sababu muuzaji asiyekuwa na kielelezo hutuma kinachofanana. Na kipya kikifika Mkoani, hukifungua na kukipima palepale bandarini, chombo kikiwa bado kinapakia mizigo ya kurudi Unguja, ili kisichofaa kirudi nacho siku hiyohiyo.